Revolva ya mchunga ng'ombe: namna sinema iliifanya hakimu



Wengi mumezoea kunisoma nikiandika juu ya udongo, mbolea na magonjwa ya mihogo. Leo naomba ruhusa nitoke kidogo ku shamba. Nataka tuongee historia ya silaha moja ambayo karibu kila mmoja wetu ameiona, hata kama hajawahi kuigusa: ile revolva ndefu ya inspekta Harry.

Nilipokuwa na miaka 10 hivi, kulikuwa nyumba ya video katika kartie yetu. Chumba cha mbao, benchi chache, televisheni moja, na jenereta inapiga kelele nyuma ya ukuta. Hapo ndipo niliona L'Inspecteur Harry mara ya kwanza. Filamu ilikuwa kwa Kifaransa, na kijana mwenye video alikuwa anatutafsiria kwa sauti ya juu pale tuliposhindwa kuelewa, na pengine alikuwa anaongeza maneno yake mwenyewe. Tulipotoka, kila mtoto alichonga revolva yake ya mti. Rafiki yangu mmoja akachukua jina la Magnum. Leo ni baba wa watoto wawili, lakini kwetu angali Magnum.

Siku moja hapa karibuni tulikaa naye tukairudilia ile filamu kwa telefone. Nikajiuliza: ile silaha ilitoka wapi? Nani aliiomba? Na juu ya nini hiyo moja ikajulikana dunia nzima, wakati viwanda vimetengeneza bastola za kila aina? Nikaanza kusoma. Kitu kilichonishangaza ni hiki: kiwanda kilitengeneza chombo cha wawindaji na wachunga ng'ombe. Ile silaha tunayojua sisi, ile inayohukumu watu, ilitengenezwa na sinema. Na nadhani hiyo tofauti inatuhusu sisi huku kuliko tunavyofikiri.

1. Silinda yenye matundu 6

Revolva ni bastola yenye silinda inayozunguka. Silinda iko na matundu, mara nyingi 6, na kila tundu linabeba risasi yake. Ukivuta kifyatulio, silinda inazunguka na kuleta risasi ingine mbele ya mtutu. Mmarekani Samuel Colt alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka wa 1836. Lakini revolva zake za kwanza zilikuwa na taabu: ilibidi kujaza baruti na risasi katika kila tundu, moja moja, kutoka mbele. Ukizimaliza katikati ya vita, uko na shida.

Mwaka wa 1855 mtu mmoja, Rollin White, akapata hati ya wazo lililoonekana dogo: kutoboa silinda kutoka upande mmoja mpaka mwingine, ili mtu aingize risasi kamili kutoka nyuma. Horace Smith na Daniel Wesson, wenye kiwanda ku Springfield, katika jimbo la Massachusetts, wakaona faida yake mbio. Wakakubaliana kumlipa White senti 25 kwa kila revolva. Lakini mkataba ulikuwa na mtego: White mwenyewe ndiye alipaswa kuwashitaki wote watakaoiba wazo lake. Pesa mingi ikaishia kwa avokati. Hati ilipoisha mwaka wa 1869 akakimbilia bungeni. Bunge likapitisha sheria ya kumsaidia, lakini rais Ulysses Grant akakataa kuitia sahihi. Wenzangu wa faculté ya droit, hilo somo nawaachia ninyi.

Mwaka wa 1870 Smith & Wesson wakatoa revolva kubwa ya kalibri 44. Mteja wao mkubwa akawa jeshi la Urusi, ambalo liliomba risasi ibadilishwe, na hapo ikazaliwa risasi yenye jina .44 Russian. Mwanzoni mwa karne ya 20 kiwanda kikarefusha ganda lake kidogo, ikawa .44 Special. Mushike vizuri hilo jambo la kurefusha ganda, juu litarudi mara mbili katika habari hii.

2. Mzee wa Idaho

Sasa tunafika kwa mtu ambaye bila yeye Harry angetembea na bastola ya kawaida. Jina lake Elmer Keith. Alizaliwa mwaka wa 1899. Alipokuwa mtoto aliungua vibaya katika moto. Alipokuwa mtu mzima aliishi Idaho, sehemu ya milima, akifuga ng'ombe, akiongoza wawindaji porini, na akiandika makala katika magazeti ya bunduki. Picha zake zinamuonyesha na kofia kubwa ya cowboy.

Shida ya Keith ilikuwa ya kazi. Mtu anayechunga ng'ombe juu ya farasi anatumia mikono yote mbili. Bunduki ndefu inamsumbua. Akikutana na dubu, ao na dume la ng'ombe lililokasirika, ao akitaka nyama ya chakula cha jioni, ile iliyo kiunoni ndiyo itamsaidia. Kwa hiyo alitaka revolva yenye nguvu ya kuangusha mnyama mkubwa kwa risasi moja.

Alianza kwa kujaza risasi zake mwenyewe. Kwanza alijaribu kalibri 45, akaweka baruti nyingi, na silinda ikapasuka. Hapo akafikiri kama mtu wa teknik. Silinda ya kalibri 44 iko na ukubwa ule ule, lakini matundu yake ni madogo kidogo. Tundu likiwa dogo, chuma kinachobaki kati ya tundu na tundu kinakuwa kinene, na chuma kinene kinavumilia zaidi. Akaacha 45 akachukua .44 Special. Akatengeneza vichwa vya risasi vizito vyenye ncha bapa, akaongeza baruti polepole, akapima, akaandika. Kwa karibu miaka 30 aliendelea kuwaandikia wasomaji na wenye viwanda: mtengeneze hii kitu.

Mwishoni wakakubali. Kiwanda cha Remington kikatengeneza risasi, Smith & Wesson wakatengeneza revolva. Za kwanza zilikamilika mwisho wa mwaka wa 1955, na mwaka wa 1956 zikaingia sokoni. Remington walirefusha ganda la .44 Special kwa milimita 3 hivi. Si kwa kutafuta nafasi ya baruti tu. Walitaka risasi mpya isiweze kuingia katika revolva za zamani, juu ingezipasua ku mkono wa mwenyewe. Ile ya zamani inaingia katika mpya, lakini mpya haiingii katika ya zamani. Milimita 3 za shaba zinalinda vidole vya mtu asiyesoma maandishi ya ku sanduku. Mimi naona hiyo ni akili nzuri kuliko revolva yenyewe.

Risasi ikaitwa .44 Magnum. Magnum ni neno la Kilatini, maana yake "kubwa". Linatumika hata kwa chupa ya divai yenye lita 1 na nusu. Mwaka wa 1957 kiwanda kikaanza kuzipa revolva zake namba, na hiyo ikapewa namba 29.

Basi ndiyo hiyo Model 29. Yenye mtutu wa sentimita 16 na nusu iko na urefu wa karibu sentimita 30, na uzito wa kilo 1 na gramu 350 hivi. Ukiipiga inakutupia mkono juu. Kwa lugha yetu, inapiga teke. Wauza bunduki wa Marekani wanapenda kusimulia juu ya wateja walionunua Model 29 pamoja na sanduku la risasi 50, wakapiga 6, kisha wakairudisha dukani na risasi 44 zilizobaki. Ni kisa cha kuchekesha, lakini kinaonyesha jambo la kweli: ilikuwa silaha ya watu wachache. Wawindaji, watu wa porini, na wale wanaopenda vitu vikubwa.

3. Punje za shayiri ndani ya risasi

Hapa agronomu hawezi kupita kimya.

Risasi ya kawaida ya .44 Magnum iko na kichwa chenye uzito wa "240". 240 ya nini? Si gramu. Ni punje. Wamarekani na Waingereza wanapima baruti na vichwa vya risasi kwa kipimo kinachoitwa kwa jina la punje ya nafaka. Zamani, kabla ya laboratwari na balanse za kielektroniki, wafanyabiashara wa Ulaya walipima vitu vidogo vya bei kali kwa kuviweka upande wa pili wa mizani na punje za ngano ao za shayiri. Kipimo kikaganda, kikawekwa katika sheria, na leo punje 1 ni miligramu 64.8. Punje 240 zinafanya gramu 15 na nusu hivi.

Nilipopiga hiyo hesabu nilibaki kimya kidogo. Ku laboratwari tulipima uzito wa mbegu 1,000 ili kujua kama ni nzuri kwa kupanda. Watu wa risasi nao wanahesabu kwa punje, ila hakuna kinachoota.

Na hiyo namba 44? Inasema sehemu 44 katika 100 za inchi, karibu milimita 11.2. Lakini ukipima kichwa chenyewe unapata milimita 10.9. Kwa hiyo hata jina liliongezewa chumvi kabla sinema haijafika.

4. San Francisco, 1971

Ili kuelewa filamu lazima kuelewa Marekani ya wakati ule. Mwaka wa 1960 polisi wa Marekani walihesabu mauaji karibu 9,000 kwa nchi nzima. Mwaka wa 1971 yalikuwa zaidi ya 17,000. Watu waliogopa. Wakati ule ule, Mahakama Kuu ilikuwa imetoa hukumu za kulinda haki za mtuhumiwa. Iliyojulikana zaidi ni ile ya Miranda, mwaka wa 1966: polisi lazima amwambie mtu aliyekamatwa kwamba ana haki ya kunyamaza na haki ya avokati. Wengine wakasema ni haki. Wengine wakasema: sasa serikali inalinda wanyang'anyi.

Juu ya hayo, kati ya 1968 na 1969, muuaji mmoja alitisha eneo la San Francisco. Alijiita Zodiac. Aliua watu wasiopungua 5, akaandikia magazeti barua, akatishia hata basi la wanafunzi. Hakukamatwa.

Mwezi wa 12 mwaka wa 1971 filamu ikatoka. Mwongozaji ni Don Siegel, mchezaji mkubwa ni Clint Eastwood. Muuaji ndani ya filamu anaitwa Scorpio, na kila Mmarekani alielewa ni nani anayesemwa.

Munaikumbuka sehemu ya kwanza. Harry anakula mkate wake wa soseji. Kengele ya banki inalia. Anatoka nje akiwa bado anatafuna, anapiga wezi, kisha anamkaribia mmoja aliyelala ku baraza akiwa na jeraha, bunduki iko karibu na mkono wake. Harry anamwelekezea ile Model 29 na kumuuliza kama anakumbuka hesabu: zilikuwa risasi 6 ao 5 tu? Anamwambia kwamba hiyo ndiyo bastola yenye nguvu kupita zote duniani, na kwamba ajiulize kama leo ana bahati. Mwizi anaacha. Kisha anaomba ajue. Harry anavuta kifyatulio: tundu tupu.

Angalieni kitu kilichofanyika pale. Silaha haikupiga. Maneno ndiyo yaliyofanya kazi.  Katika zile sekunde chache, silaha ikapata jina, namba, sifa, na kazi: kuuliza mtu kama anastahili kuishi.

Katikati ya filamu, Scorpio anamteka msichana. Harry anavunja mlango wake bila karatasi ya tribinali, anampiga risasi ya mguu ndani ya uwanja wa mpira, kisha anamkanyaga pale pale ku jeraha ili aseme msichana yuko wapi. Msichana anapatikana akiwa amekufa. Procureur anamwambia Harry: ushahidi wako wote haufai, muuaji anaachiliwa. Ukiwa umekaa ndani ya chumba cheusi, jenereta ikilia, unasikia hasira. Unataka Harry amalize. Filamu imepangwa ili wewe utake hivyo. Mtazamaji ameshaona kwa macho yake kwamba Scorpio ndiye muuaji, kwa hiyo sheria yote inaonekana ni kupoteza wakati. Hiyo ndiyo hila ya sinema: inakupa uhakika ambao katika maisha hakuna polisi wala hakimu anayekuwa nao.

Mwishoni Harry anamuuliza Scorpio swali lile lile, na safari hii risasi iko. Scorpio anaanguka ku maji. Kisha Harry anatoa beji yake ya polisi na kuitupa humo humo. Sisi watoto hatukuelewa hiyo beji. Magnum aliniambia wakati ule: "Ametupa juu iko ya zamani, watamupa ingine."

5. Nyuma ya filamu

Watu wakakimbilia maduka. Smith & Wesson hawakuweza kutengeneza Model 29 za kutosha, na kwa miaka kadhaa ziliuzwa kwa bei ya juu kuliko bei ya kiwanda. Chombo cha mzee wa Idaho kikaingia mijini, ku watu ambao hawajawahi kuona dubu.

Si wote walioshangilia. Pauline Kael, mwandishi wa sinema wa The New Yorker, alikubali kwamba filamu imetengenezwa kwa ufundi, lakini akaishambulia vikali sana: aliona inapanda wazo la ufashisti. Labda hata watengenezaji waliguswa na maneno kama hayo, juu katika filamu ya pili, Magnum Force ya mwaka wa 1973, Harry anapigana na polisi vijana wanaoua wahalifu kwa siri bila tribinali. Harry mwenyewe analazimika kuwazuia watu waliojifunza kwa mfano kama wake.

Ndani ya hiyo filamu ya pili mumo jambo ambalo wapenzi wengi wa Harry hawalijui. Akiwa ku uwanja wa mazoezi, anawaeleza vijana kwamba yeye anatumia risasi nyepesi ya Special ili aweze kuimudu silaha. Mukumbuke lile ganda la zamani linaloingia katika revolva mpya. Yaani, kwa kinywa chake mwenyewe, mtu wa .44 Magnum hapigi .44 Magnum. Nilipomuonyesha Magnum hiyo sehemu, alizima telefone.

Mwaka wa 1976 silaha ile ile ikatokea katika Taxi Driver ya Martin Scorsese. Dereva wa taksi, mtu asiyelala usiku na anayechukia mji wake, ananunua silaha kadhaa kwa mwuzaji wa magendo, na ya kwanza anayoonyeshwa ni hiyo, yenye mtutu mrefu zaidi. Hapa mwongozaji hatuonyeshi shujaa. Anatuonyesha mgonjwa anayejiona shujaa. Miaka 5 baadaye, tarehe 30 mwezi wa 3 mwaka wa 1981, kijana mmoja aliyeingiwa sana na filamu hiyo alimpiga rais Ronald Reagan risasi ku Washington. Hakutumia Magnum. Alitumia kirevolva cha kalibri 22, kidogo cha kuingia ku mfuko. Rais alikaribia kufa, na msemaji wake akabaki na kilema maisha yake yote. Ile ndogo ambayo hakuna mtoto angeichonga katika mti ndiyo iliyofanya hayo.

6. Je, ilikuwa na nguvu kupita zote?

Tuseme kweli: kati ya bastola zilizokuwa maarufu madukani wakati ule, maneno ya Harry hayakuwa mbali na ukweli. Lakini tayari miaka ya 1950 watu wengine walikuwa wanatengeneza risasi ya .454 Casull, yenye nguvu zaidi. Na mwaka wa 2003 Smith & Wesson wenyewe walitoa revolva ya kalibri 500 inayoiacha Magnum nyuma kabisa.

Kuna jambo lingine, na hilo ndilo lilinigusa. Neno muhimu ni "bastola". Risasi ya bastola ya kawaida ya milimita 9 inatoka na nguvu ya juli 500 hivi. .44 Magnum inatoka na 1,000 mpaka 1,500, kulingana na risasi na mtutu. AK-47 inatoka na 2,000 hivi. Sasa, nani kati yetu hajawahi kupita mbele ya AK-47? Tulipokuwa tunaota ile silaha kubwa ya inspekta, mtu aliyesimama ku barrière, pengine kijana wa rika letu amevaa sandali, alikuwa na kitu chenye nguvu zaidi ku bega. Na hakuna mtoto aliyetaka kuigiza ile. Usiku ikilia, tulikuwa tunalala chini ya kitanda.

7. Sisi na Harry

Si sisi wa kwanza kuchukua bastola ku sinema. Miaka ya 1950, ku Léopoldville, vijana wa cités walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, waliyemjua katika filamu za cowboy. Walivaa kama cowboy, wakagawana kartie, wakatunga hata lugha yao, Hindubill. Kijana ambaye koloni ilimwita "boy" hata akiwa mtu mzima, ndani ya sinema aliona mtu asiyeomba ruhusa. Naelewa. Silaha ya filamu ilikuwa njia ya kusema: na mimi niko mtu.

Kwa kizazi chetu njaa ni ingine. Sisi tunataka haki itendeke. Mtu anaibiwa, anapeleka malalamiko, analipa karatasi, analipa usafiri wa polisi, na siku ya 3 anakutana na mwizi ku soko akimsalimia. Katika nchi kama hiyo, Harry ni mtamu sana. Filamu inamwambia kila mtu aliyechoka kungojea: wewe mwenyewe unajua nani ni mwenye kosa, maliza.

Sasa nawaambia kitu ambacho sijawahi kuandika. Mwaka wangu wa pili ku université, usiku mmoja, filimbi zikalia ku kartie tuliyopanga. Wezi walikuwa wamepita nyumba tatu. Vijana tukatoka. Wakamkamata mtu mmoja ku mfereji, bila kitambulisho, anatetemeka. Mtu akasema "ndiye". Mwingine akasema "ndiye, nimemuona". Wakaanza kumpiga. Mimi sikumpiga. Lakini nilikuwa namulika na telefone yangu ili wenzangu waone vizuri, na nilikuwa napiga kelele pamoja nao. Tuliita ile justice populaire, kwa Kifaransa, kama vile ni kozi tuliyosoma.

Aliokolewa na mama mmoja muuza maandazi, aliyelala juu yake na kusema mumupige na mimi. Asubuhi tukajua. Alikuwa mchomaji makaa, alichelewa kuingia mji, akajificha ku mfereji juu aliogopa zile filimbi. Alipona, lakini mkono wake wa kuume hauinuki vizuri mpaka leo. Nikipita pale anapouzia makaa, ananisalimia. Hajui kwamba ile taa ilikuwa yangu.

Ndiyo maana nilipoirudilia ile filamu sikuweza kucheka kama zamani. Ku kartie yetu hakuna mtu aliyekuwa ametuonyesha kwanza, kwa picha safi, nani ni Scorpio. Tulikuwa na giza, filimbi, na mtu mmoja anayesema "ndiye". Ile hatua inayotuchosha, ya shahidi, karatasi, hakimu, avokati, iliwekwa kwa ajili ya usiku kama ule. Tunayo haki ya kulia juu ya tribinali zetu. Tuko wengi hapa tuliosoma sheria, utawala, hata uandishi wa habari, na hiyo ni kazi yetu: zifanye kazi mbio, zisiuzwe. Lakini kuzipita, hapana. Nimeiona hiyo njia, niliimulika.

Elmer Keith alifariki mwaka wa 1984. Alitaka chombo cha kumuangusha mnyama mbio, asiteseke. Kiwanda kikamjibu kwa chombo kizito, cha ufundi wa juu, chenye hata zile milimita 3 za kumlinda mjinga. Sinema ikakichukua na kukipa swali ambalo hakuna silaha inaweza kujibu.

Magnum aliniuliza sasa tumwite nani. Nikamwambia abaki na jina lake, ila siku watoto wake watakapoliuliza, awasimulie na habari ya chupa ya divai, na ya punje za shayiri, na ya beji iliyotupwa ku maji. Alifikiri kidogo, kisha akasema: "Ile beji, sasa naelewa. Aliitupa juu haikuwa yake tena."

 Makala ijayo tunarudi ku mihogo.

Mwenzenu wa agronomi.